Singa, barafu na oili chafu: shajara ya aerogeli ya mkonge, Tanga

3 Februari

Gereji ya mjomba iko njia ya Pangani, na mfereji unaopita nyuma yake unaishia baharini. Injini ikifunguliwa, oili chafu inakingwa kwenye beseni. Inayomwagika inafunikwa na mchanga na unga wa mbao, na siku ya mvua mchanga, unga na oili vyote vinaondoka pamoja. Mjomba hapendi nikilisema hilo mbele ya wateja. Hata hivyo amenipa kona ya stoo, meza moja na soketi moja, kwa sharti kwamba nisimchomee gereji.

Ninachotaka kutengeneza ni aerogeli ya mkonge, sponji ya kufyonza oili hiyo. Chukua jeli, ile ya watoto inayotikisika, uitoe maji yote bila kiunzi chake kusinyaa. Kinachobaki kina umbo lilelile, ila karibu chote ni hewa. Samuel Kistler alifanya hivyo Marekani na kuyachapisha mwaka 1931. Alichokikwepa ni ukaushaji wa kawaida: maji yakikauka yenyewe ndani ya vitundu vidogo, uso wake unavuta kuta na kuzikunja, kama kanga iliyolowa inavyoshika mwilini. Yeye alipasha kimiminika kwa shinikizo kubwa hadi kukawa hakuna tena mpaka kati ya kimiminika na gesi, kwa hiyo hakukuwa na uso wa kuvuta chochote. Mtungi wa namna hiyo sina, na mjomba asingeuruhusu upite mlangoni. Njia yangu ni ya barafu: gandisha, kisha weka kwenye ombwe, yaani chombo kilichovutwa hewa, ili barafu igeuke mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Hilo linawezekana shinikizo likiwa chini ya paskali 611.

Kuhusu mkonge sina haja ya kujieleza kwa mtu wa Tanga. Hindorf, bwana shamba wa Kijerumani, aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikasalimika safarini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Leo kila korona, kiwanda cha kusindika mkonge, ina rundo la singa fupi ambazo hazifai kamba wala zulia, na karibu theluthi mbili ya singa ni selulosi, kitu kilekile kinachotengeneza karatasi.

Wazo lenyewe lilinijia mwaka 2020. Tarehe 25 Julai meli ya MV Wakashio ilipanda mwamba kule Morisi (Mauritius), na kuanzia tarehe 6 Agosti mafuta yapatayo tani 1,000 yakavuja. Watu wa kisiwa hawakungoja mtu. Walishona vitambaa vikawa kama mito mirefu, wakajaza majani makavu ya miwa, wengine wakakata nywele zao. Nilikaa na zile picha muda mrefu. Walifanya ukemia wenye akili sana kwa vitu vya jikoni, na mimi niliyesomea kemia sikuwahi kuwaza hivyo hata siku moja.

9 Februari

Kiroba cha singa kimefika kutoka shamba moja njia ya Muheza. Nimezikata kwa mkasi hadi urefu wa ukucha (vidole vimetoka malengelenge) na kuzichemsha kwa kostiki soda asilimia 4 kwa saa tatu. Sufuria iwe ya stenlesi. Kostiki inakula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, na nilikuwa nimeshaiweka ya mama jikoni ndipo nikakumbuka.

Maji yalitoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ni lignini, gundi ya asili inayozishikanisha nyuzi. Baada ya hapo jiki, kisha kusuuza mara nane, mpaka ule utelezi wa sabuni uishe kwenye vidole. Kisha blenda: dakika mbili kazi, dakika tano kupumzika, maana mota ilianza kunuka. Mwisho nikapata kitu kama uji mwepesi wa mgonjwa, gramu 1.5 za nyuzi katika kila gramu 100.

15 Februari

Nyuzi peke yake hazishikani. Nilihitaji polivinili alkoholi kama kishikizo. Mwenzangu katika mradi huu ni fundi majokofu, mtu mwenye mikono ya dhahabu, lakini kemia aliiaga kidato cha pili. Nilimwandikia jina kwenye karatasi, akarudi na kopo la gundi nyeupe ya mbao. Ile ni polivinili asetati. Majina ni ya ndugu, tabia si za ndugu. Tukajaribu hivyohivyo kwa kuwa hela ilishatoka, na tukapata kitu kigumu kama kisigino cha kiatu.

Suluhisho limetoka duka la viungo: asidi ya sitriki, ileile ya kutilia ukali kwenye ubuyu. Ikichanganywa na selulosi na kupashwa kwenye oveni hadi nyuzi 150 hivi, inafunga unyuzi mmoja na mwingine kwa vifungo vya kikemia ambavyo maji hayavifungui kirahisi. Ni kazi ya kufanya baada ya kukausha. Kwa hiyo tatizo limehamia kwenye kukausha.

22 Februari

Safari ya Dar imekufa. Kuna maabara ya chuo yenye mashine ya kukausha kwa baridi, na dada mmoja pale alikubali kutuwekea makopo yetu sita. Tuliyagandisha kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, tukayapanga kwenye boksi la fomu la muuza aiskrimu. Basi likaharibika Segera, saa mbili na nusu juani. Nilipofungua boksi ndani nikaona uji.

Mwenzangu aliniuliza kwa upole: "Sasa hiyo mashine ya Dar ina nini ambacho sisi hatuna?" Nikaanza kumwelezea. Ina pampu ya ombwe. Akasema anayo, ya kuvutia hewa kwenye AC kabla ya kujaza gesi. Ina kikondensa baridi cha kunasa mvuke. Akasema anayo friza mbovu yenye kompresa nzima. Ina chemba. Akatazama sufuria kuukuu ya presha iliyokuwa inashikilia mlango wa stoo.

2 Machi

Mashine ya kwanza imefanya kazi dakika arobaini. Sufuria ya presha, kifuniko cha akriliki chenye unene wa milimita 20, raba iliyokatwa kwenye tyubu ya lori, bomba hadi kwenye pampu. Shinikizo lilishuka vizuri kabisa. Kisha sauti ya pampu ikabadilika, na tulipochungulia kwenye kioo chake, mafuta yaliyokuwa ya rangi ya asali yalikuwa meupe kama maziwa. Mvuke wote wa barafu ulipita moja kwa moja ndani ya pampu ukakorogeka na mafuta yake. Nilikuwa nimemwambia kikondensa kitangoja. Hilo ni kosa langu, naliandika hapa kwa herufi zangu mwenyewe.

9 Machi

Sasa kati ya sufuria na pampu kuna koili ya ile friza mbovu, imesokotwa ndani ya bomba la chuma, na inafika nyuzi 27 chini ya sifuri. Mvuke unaondoka kwenye makopo, unakutana na koili, unaganda palepale, na pampu inabaki kavu. Barafu haihitaji kuvutwa. Inahama yenyewe kutoka penye joto kidogo kwenda penye baridi zaidi, mradi hewa isiwepo njiani kuizuia. Tunabadilisha mafuta ya pampu kila siku kwa usalama.

Umeme ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza mwenzangu alizungushia sufuria barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, kama wanavyofanya wa samaki. Barafu na chumvi vikichanganywa sawasawa vinaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Mara ya pili sote tulikuwa kwenye futari, na tuliporudi makopo mawili yalikuwa yameshaporomoka.

13 Machi

Siku nne, makopo manne. Nimelitoa la kwanza kwa kuligonga chini kama mtu anayetoa keki, likadondoka mkononi bila kuhisika. Macho yanaona kipande chenye ukubwa wa kikombe kidogo cha kahawa, mkono hauoni kitu. Mafundi watatu waliacha kazi wakaja kukishika kwa zamu. Mmoja alikipuliza kikaruka hadi chini ya gari. Picha za aerogeli hupigwa juu ya ua. Yangu nimeipiga juu ya mfuniko wa gia boksi.

Kipenyo sentimita 4, kimo 5, uzito gramu 1.13 kwa mizani ya sonara. Hiyo ni gramu 0.018 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na kwa kuwa selulosi yenyewe ina densiti ya takriban 1.5, asilimia 98.8 ya kipande hiki ni hewa. Nilikata kingine kwa wembe. Ndani kuna tabaka tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Friza ya nyumbani inagandisha polepole, fuwele za barafu zinakua ndefu na kuzisukuma nyuzi pembeni. Maabara kubwa hugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika ili vitundu viwe vidogo. Kwa oili nzito ya injini, sioni kwa nini nivitamani vitundu vidogo.

Kasoro moja: ukikitia kwenye maji kinakunywa maji. Selulosi inapenda maji kuliko inavyopenda mafuta. Kwenye mfereji kingejaa maji kabla ya kukutana na tone la oili.

20 Machi

Dawa ya kukifanya kikatae maji inaitwa kwa kifupi MTMS, ni jamii ya silani, kemikali za silikoni, yenye mikia ya methili. Chupa ya mililita 100 imekaa njiani wiki tano na imenigharimu kuliko blenda, friza mbovu na nauli ya Dar vikijumlishwa. Vipande vimewekwa kwenye chupa kubwa ya achari pamoja na kijikopo cha MTMS, kifuniko kikakazwa, nyuzi 70 usiku kucha. Mvuke unapenya kila tundu na kujishika kwenye nyuzi. Kazi hii inafanyika nje, upepo ukiwa mgongoni, na moto uwe mbali, kwa sababu MTMS inashika moto na mmenyuko wake unatoa methanoli.

Asubuhi nikadondosha tone la maji kwa bomba la sindano. Tone limekaa juu kama shanga. Nimelipiga picha kwa simu kutoka ubavuni na kupima pembe kwenye kompyuta: nyuzi 132. Kuanzia 90 kwenda juu tunasema kitu kinakataa maji, kuanzia 150 kinakataa kwa kiburi. Kisha nikadondosha tone la oili pembeni yake. Halikukaa hata nukta. Likazama likaacha doa jeusi, na lile la maji likabaki palepale linang'aa.

24 Machi

Siku ya mizani. Nimefuata mtindo wa kipimo cha Marekani cha ASTM F726: zamisha dakika 15, inua, acha kidondoke sekunde 30, pima. Oili ni chafu ya lori, nyeusi tii, densiti 0.88.

Aerogeli ya mkonge imebeba mara 39 ya uzito wake. Hesabu ya juu kabisa, kama kila tundu lingejaa, ni mara 48. Unga wa mbao wa gereji, mara tatu na ushee, na nusu ya hiyo huwa ni maji ukiutumia mferejini.

Mara 39! Nilimpigia simu kila mtu. Kisha usiku nikakaa na kikokotoo na furaha ikapungua, na naona ni lazima nieleze kwa nini, maana namba hii ya "mara ngapi ya uzito wake" ndiyo inayouza aerogeli dunia nzima. Mwaka 2013 kundi la Gao Chao wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, lilitangaza aerogeli ya grafini (kaboni ya karatasi nyembamba mno) yenye miligramu 0.16 tu kwa sentimita moja ya ujazo, na habari ikaenea kwamba ingefyonza hadi mara 900. Sina ugomvi na kazi yao, ni kazi ya ajabu. Lakini lita nzima ya kitu chepesi namna hiyo ina uzito wa gramu 0.16. Hata kikibeba mara 900, ni gramu 144 za mafuta, na kikombe cha chai hakijajaa. Lita moja ya mkonge wangu wa mara 39 inabeba gramu 700. Ukitaka namba kubwa, punguza tu uzito wa chombo. Mafuta yatakayoondoka baharini hayaongezeki. Lita ya sponji, iwe ya grafini au ya mkonge, haiwezi kubeba zaidi ya lita ya mafuta. Tangu leo naandika gramu kwa lita. Mara-ngapi nawaachia watu wa matangazo.

27 Machi

Bibi yangu mzaa mama anatengeneza mito ya sufi. Nilikwenda kwake Pongwe kwa jambo jingine kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia umenunua dawa ya laki kadhaa ili kitu kisishike maji."

Nikaeleza. Akasikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote, huku anachambua kokwa. Kisha akasema: "Sufi haishiki maji. Zamani waliijaza kwenye maboya ya melini. Hukujua?"

Nilijua, hilo ndilo linaloniuma. Unyoya wa sufi ni kijibomba kitupu chenye ukuta mwembamba mno, na nje kimepakwa nta na mti wenyewe. Yaani mkonge wangu uliochemshwa, ukablendiwa, ukagandishwa, ukakaushwa siku nne na kufukizwa MTMS, umefika mahali ambapo msufi umesimama tangu haujakatwa. Bibi alinipa gramu kama mia mbili kwenye mfuko wa rambo, na agizo la kurudisha mfuko.

Matokeo: sufi iliyojazwa kwenye soksi ya neti kwa kulegea imebeba mara 34. Gramu kwa lita, karibu sawa na aerogeli. Maji iliyochukua ni kidogo mno. Nimeyaandika kwa wino mwekundu.

Tofauti imekuja kwenye kukamua. Aerogeli nimeikamua kwa kifaa cha kukamulia machungwa: mara ya kwanza 39, ya tano 25, ya kumi 19, na kipande kimebaki kama chapati nene, ila bado kizima. Sufi mara ya kwanza 34, ya pili 23, ya nne ikawa bonge kama nywele zilizoziba bomba la bafu, na nyuzi zinakatika zinaingia kwenye oili iliyokamuliwa. Kwa hiyo si kwamba nimeshindwa kabisa. Lakini mtu akiniuliza leo aweke nini kwenye mfereji wake kesho, nitamwambia sufi, na nitamwelekeza kwa bibi.

30 Machi

Watu wananiuliza kuhusu petroli. Inafyonza petroli, mafuta ya taa na tina, tena haraka kuliko oili kwa kuwa ni nyepesi. Sitaonyesha hadharani. Sponji iliyojaa petroli ina eneo kubwa sana la kutolea mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya mia moja waliokufa kwenye lori la mafuta lililopinduka. Sitaki mtu yeyote apate sababu mpya ya kuyasogelea mafuta ya petroli na kitambaa, hata kiwe kitambaa chenye jina la kisayansi.

Tena kuna vimiminika ambavyo sponji hii haitaweza kuvitoa majini hata uikamue miaka: spiriti na asetoni vinachanganyika na maji kabisa. Pakishachanganyika hakuna cha kuchagua.

6 Aprili

Idi imepita, na tumerudi kwenye kazi na swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. Mafuta gani hasa yanaweza kumwagika Tanga kwa wingi?

Bomba la EACOP, la mafuta ghafi, lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Limesanifiwa lipashwe joto njia nzima, karibu nyuzi 50, kwa sababu mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa kufikia joto la kawaida la chumba, yanaganda. Maji ya bahari hapa yana nyuzi 27 au 28. Yakimwagika, hutaona utando mweusi kama wa oili ya injini. Utaona mabonge.

Aerogeli zote nilizozisoma zinapimwa kwa vitu vinavyotiririka: dizeli, mafuta ya kula, tolueni. Na kufyonza kwa vitundu kunategemea kitu kimoja, kwamba mafuta yakubali kutiririka. Nilitengeneza sanamu ya yale mafuta kwa dizeli, oili chafu na mishumaa, nikiongeza mshumaa kidogo kidogo hadi mchanganyiko ukawa unaganda kwenye nyuzi 38. Nikaumwaga wa moto kwenye karai la maji ya bahari. Ukatawanyika, ukapoa, ukawa vipande kama ukoko wa ugali. Nikaweka juu yake kipande changu bora. Kikaelea pembeni ya mabonge, kikiyagusa kwa upande. Baada ya saa nzima kilikuwa kimeongezeka gramu 2. Sufi ilifanya hivyohivyo, na hapo angalau tulikuwa sare.

Mjomba alipita akachungulia. "Hayo si ungeyaopoa kwa kikapu cha neti?" Naam. Kwa bonge kubwa, neti ndiyo jibu, na nimeiandika. Yanayonisumbua ni yale laini ya katikati: yanayolainika jua likipanda, yanapaka mikoko, usiku yanaganda juu ya mizizi.

12 Aprili

Mwaka 2017 kundi la Yu Shu-Hong, China, lilipaka sponji grafini, likapitisha umeme, sponji ikapata joto na kuyalainisha mafuta mazito yaliyoigusa. Umeme juu ya bahari sina, ila jua la Tanga ninalo la kuuza. Kinachotakiwa ni kipande cheusi.

Nimechukua vipande vyeupe visivyo na MTMS, nikavifungia kwenye kopo la rangi la chuma lenye tundu moja la msumari kwenye kifuniko, nikalizika kwenye jiko la mkaa saa tatu. Ni kanuni ya tanuri la mkaa tu: joto bila hewa. Kopo la kwanza kifuniko hakikukaza, nikafungua nikakuta majivu meupe yenye umbo kamili la vipande vyangu. Nilipopumua yakaanguka.

La pili lilitoa mwali mdogo pale kwenye tundu kwa muda, gesi za selulosi zikiungua, kisha likanyamaza. Nimeliacha lipoe usiku kucha kabla ya kulifungua. Vipande vimesinyaa: kipenyo sentimita 2.6, kimo 3.2, uzito gramu 0.28. Vyeusi kama sizi la chungu, vinapaka vidole. Tone la maji likakaa juu kama shanga, bila MTMS, bila wiki tano za kungoja. Naona aibu kidogo kuandika kwamba ile chupa ya laki kadhaa sasa iko rafu ya chini.

Udhaifu: ukikibonyeza kinavunjika. Cha kukamuliwa si hiki.

17 Aprili

Saa sita mchana, karai nje, maji nyuzi 29. Kipima joto ni kile cha mwanga cha mwenzangu, cha kazi za AC. Kipande cheupe kinachoelea: nyuzi 35. Cheusi: 57.

Nikasogeza cheusi hadi kikagusa bonge. Dakika tatu hakuna kitu. Dakika ya tano ukingo wa bonge ulianza kung'aa, kama samli inapokaribia kuyeyuka, kisha ukawa na maji maji, na mstari mwembamba wa kahawia ukapanda kwenye ubavu wa kipande. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa, ananong'ona "panda, panda" kama anayeshangilia kuku wa kushindana. Kufikia dakika ya kumi na mbili bonge lote lilikuwa ndani. Gramu 9 na ushee ndani ya kipande cha robo gramu na kidogo. Lile jingine kubwa zaidi lililainika upande unaogusa tu.

Kisha wingu likafunika jua, na hapo tukaona jambo ambalo hatukulitafuta. Kipande kilipoa, mafuta yakaganda ndani yake. Nilikiokota kwa vidole viwili, nikakigeuza juu chini, nikakitikisa. Hakikudondosha hata tone. Vile vya oili chafu hutapakaa njia nzima kutoka mferejini hadi kwenye ndoo, hivi unavibeba mfukoni. Kuyatoa tena mafuta inabidi kukipasha. Tumekining'iniza kwenye kopo juani na mafuta yametoka nusu, yaliyobaki yamegoma. Wiki ijayo tutajaribu kwa mvuke wa maji.

26 Aprili

Masika imeshika. Hakuna jua la kujaribia kitu, jambo ambalo kwa kipande kinachotegemea jua si dogo: mafuta hayatasubiri kiangazi ndipo yamwagike. Nimeliandika kwenye orodha ya vitu visivyo na jibu, chini ya "mawimbi" na juu ya "nani atayaokota yote".

Kwenye mfereji wa gereji tumefunga soksi mbili za neti zilizojaa sufi, zimekaa mkingamo pale maji yanapotoka. Mjomba ndiye aliyezifunga. Kila asubuhi anazitazama, na zikiwa nyeusi anazipeleka kwenye pipa la oili ya kukusanywa. Mfuko wa rambo wa bibi bado sijaurudisha.

Jioni umeme ukakatika tukiwa na makopo sita ndani ya sufuria, siku ya tatu. Mwenzangu akakimbilia barafu na chumvi. Gizani mjomba akaniuliza: "Kile kimshumaa chako cheusi kiko wapi, tukiwashe?"

"Kina dizeli ndani, mjomba."

"Ndiyo, si kitawaka vizuri?"

Nikamkumbusha sharti lake la mwezi wa pili. Akacheka, akawasha tochi ya simu, akaishika juu ya sufuria wakati sisi tunapanga barafu.